Kulipa na kulipwa si kitu kimoja, kiambieni hicho kisanduku chenu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu, najua nitakuwa mrefu, ukiona nimezidi kata popote isipokuwa pale kwenye swali la yule mama.

Mimi nina steshenari hapa Morogoro, natoa kopi, napiga pasipoti saizi, najazia watu fomu za mtandaoni, na tangu mlipotangaza kwamba magazeti yenu ya zamani mmeyaskani na kuyaweka kwenye intaneti imeongezeka kazi nyingine ambayo sikuwahi kuifikiria, watu wanakuja kutafutiwa habari. Mwanafunzi anataka mafuriko, mzee anataka picha ya timu aliyochezea ujana wake, na wengi zaidi ni mambo ya mashamba na viwanja. Kwa hilo la kuyaweka mtandaoni nawapa kongole kwa moyo wote, sisi tuliozoea kuyaona magazeti ya zamani yanafungia vitumbua tunajua mmefanya kazi gani. Tatizo ni kisanduku cha kutafutia.

Mwezi uliopita kaja mama mmoja wa makamo, mtandio kichwani, mfuko wa plastiki mkononi umejaa makaratasi. Shikamoo mama, marahaba baba, kakaa. "Nitafutie lile gazeti lililoandika watu wa kwetu walilipwa fidia ile barabara ilipopita." Anasema Jumapili kuna kikao cha ukoo na shemeji yake anaapa mbele za watu kwamba pale hakuna aliyelipwa fidia hata senti, na marehemu mume wake alikuwa na kipande cha gazeti ila panya wamekula. Nikasema mama hilo dogo. Nikaandika: wananchi walipwa fidia.

Kilichokuja sasa. Ya kwanza, wananchi walipa faini kwa kutupa taka ovyo. Ya pili, wananchi wadai fidia, tena mkoa mwingine kabisa. Nikabadilisha nikaandika kipande tu, "lip", nikitegemea kitaleta kila lililolipwa, kikaniletea bomba lalipuka na mlipuko wa kipindupindu, manake hata hayo ndani yana "lip". Mama kavaa miwani, kainama kwenye skrini, kasoma ile ya kwanza polepole kwa kidole, alafu kaniuliza: "Hawa si wamelipa wao? Mimi nataka waliolipwa."

Mhariri, hapo ndo penyewe. Herufi moja tu, ile "w" ya katikati, na mama ambaye anasema hajui kompyuta kaiona kwa sekunde tatu.

Mimi niliwahi kusoma kozi ya ukutubi na utunzaji nyaraka kabla ada haijanishinda, kwahiyo najua kidogo kinachoendelea mle ndani. Kisanduku kama chenu kinachukua habari kinaikung'uta maneno yote chini kama mtu anavyofungua belo la mitumba, suruali huku shati kule, alafu kinahesabu. Neno lako limetokea mara ngapi, na ni neno adimu au la kila siku, basi. Hii mbinu si ya kijinga, Gerard Salton na wenzake pale chuo cha Cornell walifanya nayo makubwa toka miaka ya 60, na Karen Spärck Jones kule Uingereza mwaka 1972 ndiye aliyeonyesha kwamba neno adimu lipewe uzito kuliko lile lililotapakaa kila mahali, mpaka leo dunia nzima inakula matunda yake. Lakini ukishakung'uta belo huwezi tena kujua shati lipi lilivaliwa na suruali ipi. Nani kamfanyia nani, hiyo imepotea.

Alafu kwenye Kiswahili balaa linakuwa kubwa zaidi kwa sababu sisi hiyo habari ya nani kamfanyia nani tunaificha ndani ya kitenzi. Askari aua, askari auawa. Serikali yahama Dodoma, serikali yahamia Dodoma, herufi moja imegeuza safari nzima. Wakimbizi wakimbia Burundi na wakimbizi wakimbilia Burundi. Programu zikishakata neno zibaki na mzizi, hama na hamia zinakuwa kitu kimoja, na mtu akitafuta nani kahamia anapewa waliohama. Mwaka 2019 Google walipotangaza wameingiza ule mtambo wao wa kuelewa lugha, BERT, kwenye kutafuta, mfano walioutamba nao ulikuwa huohuo: mtu wa Brazil anayekwenda Marekani anauliza kama anahitaji viza, zamani kompyuta ilikuwa inamletea habari za Wamarekani wanaokwenda Brazil, kwa sababu kile kineno cha Kiingereza "to", cha "kwenda", walikuwa wanakiona takataka. Wao kineno chao angalau kimesimama peke yake kinaonekana. Chetu ni ka-"i" kamejibanza tumboni mwa kitenzi.

Sasa dawa yake ni ya siku nyingi na ndo sababu ya barua hii. Mwaka 1976 jamaa mmoja wa kampuni ya kompyuta ya IBM anaitwa John Sowa aliandika namna ya kuchora maana ya sentensi ili mtu aulize hifadhidata kwa lugha ya kawaida, na mwaka 1984 akatoa kitabu kizima. Wazo lenyewe alilivuta kwa mwanafalsafa Mmarekani, Charles Sanders Peirce, ambaye mwishoni mwa karne ya 19 alikuwa anachora mantiki kwa picha badala ya kuiandika kwa alama. Kinaitwa grafu ya dhana na ukikiona utacheka kwa urahisi wake. Kila dhana unaitia kwenye boksi, kila uhusiano unautia kwenye duara, unaunganisha kwa mishale. Paka yuko mkekani: boksi PAKA, mshale kwenda duara JUU YA, mshale kwenda boksi MKEKA. Kwisha. Watu walipwa fidia: boksi KULIPA katikati, mshale wa "mpokeaji" unakwenda kwa MWANANCHI, mshale wa "kitu" unakwenda kwa FIDIA. Wananchi walipa faini: boksi KULIPA lilelile, lakini MWANANCHI sasa kashikwa na mshale wa "mtoaji". Maneno yanafanana, picha hazifanani.

Pili, boksi zenyewe hazielei hewani, zina ukoo. Daladala ni basi, basi ni gari, gari ni chombo cha usafiri. Ukiuliza ajali za vyombo vya usafiri daladala inaingia, na bodaboda inaingia, na meli inaingia, hata kama aliyeandika hakutaja hata mara moja hayo maneno matatu "chombo cha usafiri". Ukiuliza ajali za daladala, meli inabaki nje. Na hapohapo ndo unaachanisha mbuzi anayekula majani na mbuzi ya kukunia nazi, kanga ya kujifunga na kanga anayetaga, kila mmoja ana baba yake kwenye ukoo. Nilishawahi kumtafutia mwanafunzi habari za watumishi hewa za mwaka 2016 nikaletewa utabiri wa hali ya hewa kurasa mbili nzima, aisee tulicheka mpaka wateja wengine wakaja kuangalia. Hewa ya mtumishi na hewa ya mvua hazijawahi kukutana ukoo mmoja. Wamarekani wenzetu ukoo wa namna hiyo wa lugha yao wanao, WordNet, ulioanza chuo cha Princeton mwaka 1985 chini ya George Miller.

Turudi kwa mama maana najua unajiuliza alipata. Alipata, ila si kwa kompyuta yangu. Nilimpeleka kwa mzee mmoja mstaafu aliyefanya kazi maktaba miaka mingi, nyumbani kwake kaweka magazeti kwa mwezi na mwaka, chumba kizima, mke wake analalamika. Mzee hakugusa hata gazeti moja, kwanza alianza kuuliza. Nani alitoa hela, halmashauri au mkandarasi? Waliopokea ni wenye nyumba au wenye mazao? Walipewa kwa sababu ya nini, kuvunjiwa au kuhamishwa? Alafu akauliza la mwisho, mama, ilikuwa fidia kweli au kifuta jasho? Mama kanyamaza. Mzee kaingia ndani, tumekunywa chai, karudi na gazeti lenu ukurasa wa ndani kabisa, habari ya aya nne, kichwa chake "Waliovunjiwa nyumba wapewa kifuta jasho".

Hebu angalia hicho kichwa cha habari Mhariri. Mimi niliandika wananchi, chenyewe kimesema waliovunjiwa nyumba. Niliandika walipwa, chenyewe wapewa. Niliandika fidia, chenyewe kifuta jasho. Hakuna hata neno moja lililogongana! Ningekaa pale mpaka usiku wa manane kisanduku kisingenipa. Na yule mzee maswali yake yote yalikuwa ni mishale tu, mtoaji nani, mpokeaji nani, kitu gani, sababu gani. Alikuwa anachora grafu kichwani.

Nilivyorudi dukani nikajaribu kwa karatasi. Kuna watafiti wa Mexico, Montes-y-Gómez na wenzake, mwaka 2000 walipendekeza namna ya kupima grafu mbili zinafanana kiasi gani, unapima boksi peke yake, unapima mishale peke yake, unazidisha, nakuwekea kwa kurahisisha manake fomula yao kamili ina vikorombwezo zaidi. Swali la mama lina boksi tatu. Habari ya kifuta jasho nayo nikaichora boksi tatu. Aliyevunjiwa nyumba ni mwananchi, alama nzima. Kupewa hela na kulipwa nimeviweka chungu kimoja, alama nzima. Fidia na kifuta jasho ni ndugu wa baba mmoja, MALIPO, lakini si kitu kimoja, nikatoa nusu. Jumla mbili na nusu, mara mbili ni 5, gawa kwa boksi zote sita za pande mbili, 0.83. Sasa njoo kwenye ile ya faini ya taka. Mwananchi alama nzima, kulipa alama nzima, na faini nayo ni mtoto wa MALIPO, nusu. Mbili na nusu vilevile! 0.83 vilevile! Yani kwa boksi peke yake habari mbili hizi ziko droo, hata ukiwa na ukoo mzuri namna gani. Mishale ndo imeamua. Ya kwanza mishale yote miwili inagongana, mpokeaji na kitu, inapata 1. Ya pili ni mmoja tu, kitu, kwa sababu mwananchi kakaa upande wa mtoaji, inapata 0.5. Zidisha: 0.83 dhidi ya 0.42. Mama kashinda. Nilipiga makofi peke yangu pale dukani, jirani wa saluni akachungulia.

(Na hiyo nusu ya kifuta jasho siifuti hata kwa fimbo. Fidia ni haki ya mtu, kifuta jasho ni kukupangusa tu uende zako, mwanasheria yeyote atakurukia ukivichanganya. Ukoo mzuri unatakiwa uviweke karibu lakini vitanda tofauti.)

Nisiwadanganye, mbinu hii ina mambo yake. Michel Chein na Marie-Laure Mugnier wa kule Montpellier, Ufaransa, walishathibitisha zamani kwamba kuchukua grafu yoyote ile na kutafuta kama inaingia ndani ya grafu nyingine ni katika zile kazi ambazo zikikua kompyuta inahema, ingawa grafu ikiwa kama mti, matawi bila mizunguko, inakwenda haraka tu, na vichwa vya habari ni vijiti vifupi si mizunguko. Ugumu mkubwa ni mwingine, nani atachora? Grenoble, Ufaransa hukohuko, timu ya Yves Chiaramella ilihangaika nalo kwenye ripoti za eksirei za hospitali, ambako "uvimbe kwenye pafu" na "pafu" na "uvimbe" vikitawanyika kama mitumba daktari hapati kitu, wao waliweza kwa sababu ripoti za eksirei zina lugha finyu, maneno yaleyale kila siku. Gazeti lina kila kitu, mpira, misiba, bunge, uchawi. Kuchora kwa mkono magazeti ya miaka arobaini haiwezekani, na kompyuta ichore yenyewe inakosea, kwa miaka mingi ndo iliyofanya watu wakate tamaa wakarudi kwenye kuhesabu maneno.

Na najua kijana wenu wa IT atasema mzee hayo ya kizamani, siku hizi kuna akili mnemba, neno linageuzwa namba, sentensi inageuzwa vekta, yani safu ya namba, zinazokaa karibu ndo zinafanana. Sikatai. Hiyo ndo ingempata mama kwenye "kifuta jasho" haraka kuliko ukoo wangu wa kuchora kwa peni. Hata sisi hatujasahaulika, ile BERT ya lugha nyingi ilifundishwa na Kiswahili kikiwemo, na mwaka 2023 kuna mashindano yaliitwa CIRAL yakawekwa maalum kwa kutafuta ndani ya habari za magazeti ya Kihausa, Kisomali, Kiswahili na Kiyoruba. Lakini nimejaribu mimi mwenyewe kwa programu moja ya bure, nikaipa "fisi aua" na "fisi auawa", ikaniambia zinafanana mno, karibu sawasawa. Kwa mtu anayetafuta mtoto wake kijijini hizo ni habari mbili tofauti kama usiku na mchana. Alafu vekta haikuambii kwanini. Inakupa namba imenyamaza. Grafu ukiiuliza kwanini umeniletea hii, inakuonyesha mshale huu na boksi hili, hata mama wa mtandio anaweza kubisha nayo. Mimi nasema vikae pamoja, vekta ilete habari hamsini za karibu, mishale ipange ipi ya kwanza.

Na kwa Kiswahili kuchora kungekuwa rahisi kuliko watu wanavyodhani, hapa ndo huwa nakereka. Ile herufi iliyotuponza ndo hiyohiyo inayotuokoa. Kitenzi chetu kimeshabeba mishale. "Alimnunulia" nakuonyesha: a- kuna mtenda, -m- kuna mtu mwingine, -li- ya mwisho kule kafanyiwa kwa faida yake, mnunuzi na mpokeaji wote wamo ndani ya neno moja, kinabaki kitu tu. Pikia, pikwa, pikisha, kila mnyambuliko unapanga viti upya, nani kakaa cha mtenda nani kakaa cha mtendwa. Profesa Arvi Hurskainen wa Helsinki toka miaka ya 80 alishatengeneza programu ya kuchambua neno la Kiswahili kiungo kwa kiungo, kwahiyo kuijua ile "w" ya walipwa si kazi ya miujiza, imeshafanyika, Finland, kwenye barafu. Sisi wenye lugha tunaikata tunatupa tubaki na "lip".

Ombi langu kwenu ni dogo. Magazeti ya zamani yaacheni kwanza. Kuanzia habari za kesho, mwandishi akimaliza kuandika awekewe vijiboksi vitano vya kujaza kabla hajatuma: nani, kafanya nini, kamfanyia nani, kwa kitu gani, wapi. Waandishi wenu hayo wanafundishwa siku ya kwanza chuoni, wanayajua tayari, ila yanaishia kichwani mwao na msomaji anabaki na belo. Dakika mbili kwa habari. Kichwa cha habari kiwe na mbwembwe zote mnazotaka, "Wapewa kifuta jasho", "Walia na tingatinga", lakini chini kwenye vijiboksi iandikwe kawaida, mtoaji mkandarasi, mpokeaji wenye nyumba, kitu malipo. Ukoo wa maneno nao muuanze kidogokidogo kwa yale yanayotafutwa sana, ardhi, ajali, magonjwa, mishahara. Mtu mmoja mwenye kujua Kiswahili na kamusi mezani, si lazima awe wa kompyuta.

Kikao cha ukoo nimesikia kilikuwa kirefu. Mama katoa gazeti, shemeji kalisoma lote kimya, alafu kasema "mnaona, hapa imeandikwa kifuta jasho, mimi nilisema fidia", wazee wakagawanyika. Bado hawajamaliza.

Vichwa vyenu vya habari nimeshachora kama sitini hivi, nyuma ya karatasi za kopi zilizoharibika, vimo kwenye boksi la toner chini ya kaunta. Kama yule kijana wa IT anavitaka aje avichukue, ila aje asubuhi, mchana huku kwetu umeme unakata.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Morogoro